Fantasi ya gofu kwa takwimu: ujuzi, au kamari iliyovishwa kanzu?

Mwenye mada, Mlandege
Assalam alaykum wanabaraza. Kuna vijana wanataka kuanzisha ligi ya fantasi ya gofu, yaani kila mmoja anachagua timu ya wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa wanavyocheza, kwa zile meja nne za mwaka, mashindano makubwa ya gofu. Watu 20, kila mmoja anatoa shilingi 5,000, na laki moja yote inakwenda kwa mshindi. Wakiambiwa hiyo kamari, wanajibu kuwa wao hawabahatishi, wanasoma takwimu. Jina la Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia wanalitaja kama mtu anavyomtaja rawi wa hadithi. Suala langu: takwimu zinaitoa ligi hiyo kwenye kamari au haziitoi? Na yule anayebeti kwa kampuni je? Mwenye hesabu aje na hesabu, mwenye dini aje na dini. Matusi hatutaki.

Kete ya Namua
Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanakitaja tu. PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya Marekani, hupima kila mpigo: mpira ulipigwa kutoka wapi, na umesimama umbali gani na shimo. Broadie akatafuta wastani, yaani kutoka mahali fulani mchezaji wa Tour huhitaji mipigo mingapi kumaliza. Tofauti kati ya wastani huo na alichofanya mchezaji ndiyo faida ya mipigo. Tour ilianza kuitangaza kwa kupati, yaani kuusukuma mpira kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, mwaka 2011, baadaye zikaja sehemu nyengine.

Chukua shimo la yadi 400. Wastani wa kulimaliza ni 3.99. Draivu, yaani mpigo wa kwanza, ikiuacha mpira kwenye feawei, njia ya nyasi zilizokatwa, yadi 100 kutoka shimoni, wastani uliobaki ni 2.80. Basi 3.99 toa 2.80, toa mpigo mmoja uliotumika: draivu imeleta 0.19. Mpigo wa pili ukitua futi 8 kutoka shimoni, hapo wastani ni 1.50, kwa hiyo 2.80 toa 1.50 toa 1, faida 0.30. Pati ikiingia, 1.50 toa 1, faida 0.50. Jumla 0.99, na hiyo ndiyo berdi yake, yaani mpigo mmoja pungufu ya kiwango cha shimo.

Sasa itizame ile pati. Futi 8 mabingwa wenyewe huitia nusu, huikosa nusu. Ikiingia inaleta 0.50, ikipita pembeni inakula 0.50. Pati moja ina uzito wa draivu na mpigo wa pili pamoja! Ndiyo maana orodha ya "waliopati vizuri wiki tatu zilizopita" ni mtego. Katika hesabu za Broadie, kinachowatenga wachezaji bora na wenzao ni mpigo wa kuingia grini kwa asilimia 40, draivu 28, mchezo wa karibu na grini 17, na kupati 15 tu. Mwaka 2023 Scottie Scheffler alikuwa wa kwanza kwa mchezo wa kutoka tii, mahali pa kuanzia, hadi grini, na wa 162 kwa kupati. Mwaka huohuo alichukua shindano la The Players.

Mtaji Mkubwa
Ahsante, umenimalizia kazi. Kama kuna kinachodumu na kuna kinachopeperuka, na mtu akajua kukitenga, huo ni ujuzi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hapa Unguja hatujamsikia mtu akimwambia fundi wa bao kuwa anabahatisha.

Ustadh wa Kikwajuni
Bao hilo wanacheza wawili, na kila kete iko machoni. Wewe unayechagua Scheffler hushiki fimbo. Umekaa barazani na kikombe cha kahawa, anayepiga yuko Georgia, Marekani. Tuna hadithi inayoruhusu dau katika mashindano ya mishale, farasi na ngamia, na wanavyuoni wameizungumza sana, lakini inamhusu anayerusha na anayepanda. Anayetizama na kuweka fedha yake ipotee au iongezeke kwa jambo asilolitenda, huyo yuko kwenye maisiri, yaani kamari, ya Al-Maida aya ya 90. Kusoma takwimu sikukatazi. Nakukataza ile 5,000.

Mhasibu wa Darajani
Mimi dini namwachia Ustadh. Hoja yangu ni kuwa hata kwa hesabu tupu, anayebeti anajidanganya kwa sehemu ndogo sana, na sehemu hiyo haijui.

Tufanye mkeka wa ana kwa ana, A na B kwa siku nne, nani atamaliza juu. Takwimu zinasema A ni bora kwa nusu mpigo kila raundi, basi kwa raundi nne ni mipigo 2. Lakini alama za mchezaji mmoja hupanda na kushuka karibu mipigo 3 kwa raundi, kwa hiyo 6 kwa raundi nne. Ukiwashindanisha wawili, mtikisiko wa tofauti yao unafika kama 8.5. Mipigo 2 ndani ya mtikisiko wa 8.5 inampa A nafasi ya 59 kwa mia. Bora kwa nusu mpigo kila siku, na bado anafungwa mara 41!

Kampuni inatoa odsi, yaani kizidisho cha dau, 1.80 kwa A na 1.90 kwa B. Gawa 1 kwa 1.80 unapata asilimia 55.6, gawa 1 kwa 1.90 unapata 52.6. Jumla 108.2. Ile 8.2 iliyozidi mia ndimo duka linamokula. Hata hivyo 59 inapita 55.6, kwa hiyo mkeka ni mzuri. Kwenye karatasi.

Tatizo ni ile nusu mpigo imetoka wapi. Kama sehemu yake kubwa ni pati za mwezi mmoja, tofauti ya kweli huenda ni 0.2 kwa raundi. Rudia hesabu: mipigo 0.8 ndani ya 8.5, nafasi inashuka hadi 54 kwa mia. Uko chini ya 55.6, na ukiendelea kuweka, mwisho wake unapoteza. Takwimu ni zilezile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya raundi ulizozitazama. Raundi 12 hazitoshi. Anza na 50, na kupati uipunguze uzito.

Mtaji Mkubwa
Basi nikitazama raundi 50 na kupati nikaipunguza, si nimepita?

Mhasibu wa Darajani
Kampuni nayo imeziona hizo 50. Unapita pale unapojua kitu ambacho odsi haijakibeba. Na soma masharti ya sare. Umeweka 10,000 mchezaji awe kumi bora, odsi 4.00. Amemaliza nafasi ya 9 sawa na wengine wanne. Watu watano, nafasi mbili. Dau lako linahesabiwa mbili ya tano, yaani 4,000, mara 4.00, unapewa 16,000 na si 40,000. Mkeka haujachanika, lakini faida imebaki 6,000 badala ya 30,000. Zipo kampuni zinazolipa sare kamili, na mara nyingi odsi yao huwa ndogo zaidi.

Mwana wa Wete
Mnasahau upepo, na nyie watu wa pwani! Siku mbili za mwanzo wachezaji hugawiwa makundi mawili: aliyeanza asubuhi Alkhamisi huanza mchana Ijumaa, na mwenzake kinyume chake. The Open, ile meja ya Uingereza, huchezwa kando ya bahari. Upepo ukivuma mchana wa Alkhamisi ukalala Ijumaa, kundi zima limeonewa, na hakuna takwimu ya mtu mmoja itakayokuonesha hilo. Mvuvi wa Kojani hatii dau baharini bila kuuliza upepo, na nyie dau lenu la shilingi mnaliteremsha Jumatatu. Subirini orodha ya nyakati itoke, mtizame utabiri wa upepo saa kwa saa, na mkumbuke kuwa Julai Uingereza iko nyuma yetu saa mbili, na Marekani ya mashariki saa saba.

Kete ya Namua
Kweli kabisa. Na nyasi pia: grini za bemuda za Florida na grini za benti za Augusta, uwanja wa Masters, kupati kwake si sawasawa. Ila nyasi nisingeipa uzito mkubwa, maana ukigawa raundi 50 kwa aina ya nyasi unabaki na raundi 8, na tumerudi kulekule kwa Mhasibu.

Kwa ligi ya vijana kuna shimo jengine. Meja nne haziandaliwi na PGA Tour, na wachezaji wa LIV, ligi hasimu iliyoanza 2022, hawamo kwenye takwimu za Tour kwa wiki zao nyingi. Jon Rahm wa LIV akikosa namba, kijana anaweka sifuri. Sifuri hapo ina maana "hajapimwa", na jedwali linaisoma "ni wa wastani". Halafu mchujo wa baada ya raundi mbili: Masters hubaki 50 wa juu na waliofungana nao, US Open 60, zile mbili nyengine 70. Asiyepita mchujo amecheza raundi mbili, pointi zake nusu. Kwenye timu ya watu sita, wawili wakianguka umekwisha. Kwa hiyo fantasi inamtaka mchezaji wa kupita mchujo na kupiga berdi nyingi, mkeka wa mshindi unamtaka mtu mmoja tu. Wanaotumia orodha moja kwa yote mawili wanapotea.

Ustadh wa Kikwajuni
Nimesoma yote. Mmethibitisha kuwa kuna elimu, na sikuikana. Lakini mmethibitisha pia kuwa bora anafungwa mara 41 kwa mia na upepo unaamua Alkhamisi. Mkiiondoa ile 5,000, kuna kinachoharibika katika hesabu zenu?

Mhasibu wa Darajani
Hakuna.

Mtaji Mkubwa
Kinachoharibika ni hamu. Bila kitu mezani, wiki ya pili nusu yao hawajazi timu.

Mwenye mada, Mlandege
Je, zawadi akitoa mtu wa nje, tuseme mwenye duka, na kuingia iwe bure?

Ustadh wa Kikwajuni
Mradi hayumo kwenye ligi na hakuna anayepoteza kitu, sina neno. Ila duka lenyewe lisiwe ndilo linalokata hiyo mikeka.