Uswidi: Viwanda vidogo vya jini (gin, ile pombe kali) ya msituni kuuzia wageni pale pale kiwandani, ni sawa?

Kipanga77
Wakuu heshima kwenu. Nimeulizwa hili na jamaa yangu aliyeko Dodoma nikabaki nababaika, nikasema ngoja nilete kwa wana-Uswidi wenzangu. Tangu tarehe 1 Juni 2025 wenye viwanda vidogo vya pombe huku wanaruhusiwa kumuuzia mgeni pale pale kwao, na hawa wa kaskazini wanaotengeneza jini kwa mreteni (kichaka ambacho matunda yake ndiyo ladha ya jini), lingoni (vitunda vyekundu vya msituni), machipukizi ya misonobari na maua ya pori ndio wanaosemwa sana. Masharti ni kwamba kwanza ulipie ziara au somo la namna inavyotengenezwa, halafu pombe kali mwisho lita 0.7 kwa mtu. Sheria yenyewe ya majaribio, miaka sita. Zamani ukitaka kubeba chupa lazima upitie Systembolaget, duka la serikali, ambalo jumamosi saa 9 mchana limefunga na jumapili halifunguliwi kabisa. Mimi naunga mkono, vijiji vya huko vinakufa, na malighafi imejaa msituni bure, mtu anaokota tu anatia mtamboni. Mnaonaje?

MamaZuu
"Anaokota tu". Kaka Kipanga umewahi kuchuma mreteni wewe? Mimi nimechuma. Unatandika shuka chini ya kichaka unapiga matawi kwa fimbo, yaliyoiva yanadondoka mabichi yanabaki, maana tawi moja lina ya kijani ya mwaka huu na ya bluu ya miaka iliyopita, tunda linachukua miaka miwili hadi mitatu kuiva. Ukijifanya una haraka ukaingiza mkono, majani yake ni sindano tupu, jioni vidole vimevimba hata zipu ya koti huwezi kufunga. Bado hujapepeta, nusu ya ulichobeba ni sindano na wadudu. Na mbu wa Norrland, huku kaskazini, sijawataja. Sasa hiyo bure iko wapi

Kipanga77
Dada yangu sijasema kazi ni rahisi, nimesema matunda ni bure. Tofautisha. Turudi kwenye mada ya kuuza.

Mtani_Malmö
Kipanga ushaliwa 😂 hapo hutoki

Ngosha wa Kaskazini
Kuhusu mada, shida ni kodi jamani. Kodi ya pombe kali ni zaidi ya kroni 500 kwa lita moja ya alkoholi tupu. Chukua kichupa cha nusu lita cha asilimia 40, ndani yake kuna desilita mbili za alkoholi tupu, kwa hiyo kroni mia na ushee zimeenda serikalini kabla hujalipia kioo, kizibo wala lebo yenye picha ya swala mkubwa. Juu yake weka VAT asilimia 25. Kuuzia getini hakuondoi hata senti ya hiyo kodi, kwa hiyo wanaosema bei itashuka watu walewe wanaota.

MamaZuu
Ngosha hesabu nzuri lakini bado hakuna aliyenijibu, mchumaji analipwa nini kwenye hiyo chupa?

Sheikh Mtulivu
Mimi sinywi, naomba niseme kwa adabu. Waswidi hawakuweka duka la serikali kwa ujinga. Hii nchi ilikuwa inaangamia kwa ulevi, wakawa na daftari la mgao, unaandikiwa unachonunua, mpaka 1955 ndio wakalifuta na Systembolaget ikaanza. Leo umefungua kitobo cha lita 0.7, kesho ni lita saba. Na hawa wanasheria wa EU wakiona mkulima wa Uswidi anauza halafu wa Ufaransa hauzi, watauliza nyie monopoli yenu, duka la serikali kuuza peke yake, ni ya afya au ya kulinda watu wenu?

Mtani_Malmö
Sheikh daftari la mgao nakumbuka nilisoma, walipiga na kura wakapiga marufuku pombe 1922

Ngosha wa Kaskazini
Hawakupiga marufuku mtani, kura ya 1922 marufuku ilishindwa, kidogo sana lakini ilishindwa. Waliopiga marufuku ni Wafini, 1919 mpaka 1932. Na Wanorwe nao walijaribu. Usichanganye majirani watakuchinja.

Mtani_Malmö
Poa profesa

Mkenya wa Gävle
Hiyo ya EU ilishaamuliwa, kuna jamaa anaitwa Franzén aliuza divai kwa duka lake makusudi, siku Uswidi inaingia EU, Januari 1995, akitaka ashtakiwe. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya EU na 1997 monopoli ikapita. Lakini Sheikh ako na pointi, ilipita kwa sababu ilionekana haibagui. Sasa hii ya kuuzia kiwandani sijui. Anyway mimi nilichokuja kusema ni kingine, kule kwetu mtarakwa, ile miti mnakata posti za fensi, ni ndugu kabisa wa huu mreteni wa jini. Tunazungushia ng'ombe.

Kipanga77
Acha bana

Mkenya wa Gävle
Kweli. Familia moja. Lakini usiende kuchemsha, sijasema ni chakula.

MamaZuu
Naona mnaongelea ng'ombe na Wafini, swali langu mnalikwepa. Miaka mingi wameletwa Wathai maelfu kuchuma blueberry na lingoni, wengine wanakopa nauli kwao, msimu ukiwa mbaya wanarudi na deni. 2009 ilikuwa aibu tupu. Halafu nakuta lebo imeandikwa "ladha ya msitu safi". Usafi gani

Kipanga77
Dada hapo unachanganya vitu viwili. Hao Wathai wanachumia makampuni makubwa yanayouza matunda kwa tani nje ya nchi. Kiwanda kidogo cha jini kinahitaji kiasi kidogo tu cha lingoni kwa mpiko mmoja, wanachuma wenyewe au wananunua kwa jirani.

MamaZuu
Jirani huyo ndiye mimi. Nilimpelekea ndoo mbili mwenye mtambo mmoja, sitamtaja, akaniambia "tutakukumbuka kwenye uzinduzi". Nikakumbukwa kwa glasi moja ya juisi.

Mtani_Malmö
😂😂😂 nimeanguka

Sheikh Mtulivu
Angalau ilikuwa juisi

Ngosha wa Kaskazini
Mama Zuu pole lakini hilo ni la huyo jamaa, sio la sheria. Na mimi niseme kitu kitakachowaudhi: wengi wa hawa wa "msituni" spiriti yenyewe hawapiki. Wananunua spiriti ya ngano iliyokwisha kutengenezwa kiwanda kikubwa, kali ya asilimia 96 hivi, wanaipunguza kwa maji, wanaloweka mreteni na majani yao, wanakeneka upya kwenye chungu cha shaba. Sio siri na sio dhambi, jini ndivyo ilivyo dunia nzima, EU inachotaka ladha ya mreteni itawale na isipungue asilimia 37.5. Lakini usiniambie umetoa chupa nzima msituni. Umetoa harufu.

Kipanga77
Harufu ndiyo bei sasa. Nilienda ziara, mtu anakupa ua moja la pori linaitwa älggräs ulisugue kiganjani, linatoa harufu ya asali na lozi, baadaye unaonja na unalikuta mle mle kwenye glasi. Hiyo ndiyo unalipia. Na hao wa kiwanda cha jini cha Hernö kule Dala, nje ya Härnösand, walianza kijijini 2011 leo wanajulikana duniani, mpaka waliweka jini kwenye mapipa ya mti wa mreteni. Utasema hawakuleta kitu?

Ngosha wa Kaskazini
Sijasema hawakuleta kitu. Nimesema harufu. Soma.

Kipanga77
Na wewe punguza kufundisha watu. Kila uzi lazima ufungue darasa.

Ngosha wa Kaskazini
Ukileta mada jiandae kusomeshwa. Umekuja na "wanaokota tu", Mama Zuu kakunyoosha, unanimalizia hasira mimi.

Mkenya wa Gävle
Wazee tulieni. Hata hiyo kuokota ina sheria. Haki ya kila mtu ya msitu inakuruhusu matunda, uyoga, maua yasiyolindwa, hata ukauze. Machipukizi ya misonobari hapana, wala utomvu wa mti wa birch, hayo ni ya mwenye shamba mpaka akuruhusu. So Kipanga ile orodha yako ya mwanzo, moja tayari ni wizi.

Kipanga77
Aaah wapi, kila mtu anachuma machipukizi. Mwezi wa 6 wamama wa kizungu wamejaa na vikapu.

Mkenya wa Gävle
Kila mtu anaendesha 120 kwa 110 pia

MamaZuu
Ni kweli Mkenya. Ukikata kile kichipukizi cha juu kabisa mti unapinda maisha yake yote, na misitu huku ni mali, mwenye shamba anahesabu mbao za miaka 80 mbele. Mimi nilifokewa na mzee mmoja Lycksele akiwa kwenye trekta.

Mtani_Malmö
Mama Zuu wewe huko msituni umefanya kila kitu

Sheikh Mtulivu
Jamani, swali lilikuwa wauze au wasiuze.

Mtani_Malmö
Wauze Sheikh, kwani wanaotaka kulewa wanangoja ziara ya kulipia? Wako kwenye foleni ya feri na vigari wanarudi toka Ujerumani.

Sheikh Mtulivu
Hiyo sio hoja ya kufungua duka lingine.

Kipanga77
Sio duka, ni lita 0.7 baada ya somo! Mama Zuu, na hjortron, yale matunda ya kinamasi, wewe unachumia upande gani? Nina wageni wanakuja mwezi wa 8.

MamaZuu
Niulize mshahara wangu, niulize umri wangu. Hilo sikuambii.

Kipanga77
Ila ni haki ya kila mtu dada

MamaZuu
Kuchuma ndiyo. Kuonyeshwa hapana.