Nyimbo za indie za kuanzia 2000 kwa bendi ya watu watatu, Bagamoyo: zipi zinapigika?

Besi_ya_Kaole

Wakuu, salaam. Tuna onyesho la dakika 40 kwenye baraza huku Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mada ni nyimbo za indie za milenia hii, yaani 2000 mpaka sasa. Tupo watatu: gitaa, besi na dramu. Dramu yenyewe ni besi dramu, sneya na haihati, basi. Anayeimba ndiye huyohuyo anayepiga gitaa. Yupo na mwenzetu wa ilimba (ile ala ya Kigogo ya ndimi za chuma juu ya sanduku) anayeweza kuingia wimbo mmoja.

Vyombo: amplifaya ya gitaa ya wati 15 yenye spika ya inchi 8, mixa ya chaneli nane, spika mbili za inchi 12, maiki tatu. Kompyuta hakuna, kinanda hakuna, gitaa ni moja.

Tajeni mnazozipenda, ila mseme kwa nini unapigika na watu watatu na ni wapi unamwangusha mpigaji. "Huo wimbo ni moto" peke yake haunisaidii.

nyuzi_sita

Mkuu, wewe mwenye besi ndiye mwenye bahati hapa. Anza na "Seven Nation Army" ya The White Stripes, 2003. Wale walikuwa wawili tu, gitaa na dramu, na ule mstari ambao kila mtu anadhani ni besi ni gitaa lililopitishwa kwenye pedali ya DigiTech Whammy, ikateremshwa oktavu moja. Albamu yao ilirekodiwa studio ya Toe Rag, London, kwenye tepu ya treki nane bila kompyuta, kwa hiyo hamna kitu kilichofichwa ndani ambacho nyinyi hamna.

Kwenye gitaa mstari ni uzi wa A, freti 7, 7, 10, 7, 5, 3, 2. Noti ya kwanza ni E ya hezi 165 hivi. Ikishushwa oktavu inakuwa 82. Sasa chukua besi yako, uzi wa A, freti ileile ya 7: unapata hezi 82, palepale. Namba hazibadiliki hata moja. Pedali ya nini tena?

Watu wanaharibu kwa kumtuma mpiga gitaa alifanye hilo kwa pedali kwenye amplifaya kama yako. Noti ya mwisho, ile B, inafika hezi 62, na spika ya inchi 8 haiwezi kuitoa. Inapiga makofi kama karatasi. Besi iende moja kwa moja kwenye mixa na zile inchi 12. Gitaa linyamaze ubeti mzima, liingie na distoshoni pale nguvu inapopanda. Mwendo ni mapigo 124 kwa dakika, besi dramu kila pigo. Mkishangiliwa mtafika 135 bila kujua, na ukifika hapo wimbo umegeuka mchakamchaka.

Na kama mtu atawaazima Whammy kwa kazi nyingine, tazameni ni toleo gani. La nne linataka adapta ya volti 9 ya AC, la tano linataka DC. Tundu ni la umbo lilelile, ukikosea unaunguza pedali ya watu.

Mwenye_Lebo

Kabla hamjaenda mbali: indie ni nini? Kama maana ni lebo huru, yaani rekodi zisizotolewa na kampuni kubwa, nusu ya orodha za mitandaoni zinaanguka. "Maps" ya Yeah Yeah Yeahs (2003) ilitoka Interscope, kampuni kubwa. The Strokes walianzia Rough Trade, EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya mwanzoni mwa 2001, lakini Marekani albamu yao ilikuwa ya RCA. Walio safi kwa kipimo hicho ni Arctic Monkeys wa 2005 (Domino), The Postal Service (Sub Pop), Vampire Weekend wa 2008 (XL), na Bon Iver, ambaye albamu ya kwanza aliitoa mwenyewe 2007 kabla Jagjaguwar hawajaichukua 2008.

Na kwa kipimo hichohicho, indie ya kwetu mnairuka kila siku. Jagwa Music wa Dar, mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio, albamu ya 2012 ilitolewa na Crammed Discs. Singeli ya studio ya Sisso ilitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Just a Band wa Nairobi wana "Usinibore" na "Ha-He" kwenye albamu ya 2009. Na hapo hapo Bagamoyo, Msafiri Zawose alitoa "Uhamiaji" 2017 kupitia Soundway, na Pendo na Leah, The Zawose Queens, wakatoa "Maisha" 2024 kwa Real World. Ukipiga indie Bagamoyo bila jina la Zawose, watu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo, watakutazama tu.

Dada_Mixa

Kaka Mwenye_Lebo yuko sawa, ila aliyeuliza ana maiki tatu na baraza, ngoja nimpe kinachohusu hizo.

"Last Nite", The Strokes, 2001. Ile sauti ya kukwaruza kama simu ya mezani ilitokana na kuimbia ndani ya amplifaya ndogo ya mazoezi ya Peavey. Wengi wanaiga kwa kufungua distoshoni kwenye chaneli ya maiki, na kwenye baraza lenye kuta za mawe hapohapo maiki inaanza kupiga mluzi. Sababu ni kwamba distoshoni inazinyanyua sauti ndogo zote, pamoja na ile inayorudi kutoka spika. Fanya hivi: kata besi yote ya maiki, punguza na ile ya juu kabisa, kisha nyanyua katikati, kwenye hezi 1000 mpaka 2000. Sauti inakonda, masikio yanaelewa, maiki inatulia. Spika ziwe mbele ya waimbaji, nyuma yao zisikae hata kama waya haufiki. Nunua waya.

Kasoro kwenu ni kwamba wimbo una magitaa mawili. Lile linalogonga kodi (za muziki jamani, si za TRA) ndilo la kubaki. Solo ikifika aipige, kodi ziachwe hapo tu, besi ijaze.

"Young Folks" ya Peter Bjorn and John, 2006. Huu ndio wangu. Umesimama juu ya besi, dramu, bongo na mluzi; mpiga gitaa anaweka gitaa chini anaimba na kupiga mluzi kwa raha. Mluzi haupigwi ukitazama maiki, pumzi itanguruma kwenye spika zote mbili. Maiki ikae chini ya kidevu, mluzi upite juu yake. Midomo ikikauka mluzi unakufa, kwa hiyo maji yawe jirani, na si ya barafu. Mlio ule mwanzoni uliwekwa kushika nafasi ya ala nyingine, baadaye wakaona uachwe. Bongo mnazo, Bagamoyo hamkosi mpiga ngoma. Umeimbwa na mwanamume na mwanamke wakijibizana, tafuteni dada mmoja apande kwa wimbo huo tu.

nyuzi_sita

Nimesahau "Skinny Love" ya Bon Iver. Alirekodi kwenye kibanda cha mawindo cha baba yake huko Wisconsin, gitaa na sauti, kwa hiyo kwa vyombo vichache hauna mpinzani. Gitaa linatyuniwa C G E G C C kuanzia uzi mnene. Nyuzi mbili nyembamba zote ni C ileile, ndiyo maana mlio unakuwa mpana.

Sasa hesabu ya nyuzi. Uzi wa D unapandishwa toni nzima kwenda E, mkazo unaongezeka kama asilimia 26. Uzi mpya unavumilia; uzi uliokwisha kuliwa na chumvi ya pwani unakatikia kwenye daraja, mara nyingi katikati ya ubeti. Uzi wa kwanza unashuka kutoka E hadi C, unabaki na asilimia 63 ya mkazo, unalegea na kuzomea kwenye freti. Dawa: kwenye seti ya 10 mpaka 46, uzi wa pili ni 13. Nunua wa pili wawili, mmoja uufunge nafasi ya kwanza. Mkazo unakaa sawa na nyuzi zote mbili zinalia kwa unene mmoja.

Besi_ya_Kaole

Asante sana wakuu. Mkuu nyuzi_sita, gitaa ni moja. Wimbo ukiisha nirudije kwenye tyuni ya kawaida?

Dada_Mixa

Hapo ndipo ushauri wa uzi 13 unapogoma. Ukiufunga nafasi ya kwanza halafu ukaurudisha E, haukatiki, lakini unavuta mara 1.7 ya uzi wa 10. Shingo inapinda, tyuni ya nyuzi nyingine inahama, na kidole hakiupindi. Kwa gitaa moja, acheni seti ya kawaida, mvumilie ule ulegevu, na mpigaji asiupige kwa nguvu. Au azima gitaa la pili.

nyuzi_sita

Kweli dada, nimekubali. Basi "Skinny Love" uwe wimbo wa kwanza, ukiwa umetyuniwa tayari toka nyuma. Ukiisha, besi na dramu waingie "Seven Nation Army" bila gitaa. Ubeti wa kwanza ni wenu, urefusheni mara mbili. Mpigaji ana kama dakika nzima ya kurudisha tyuni. Aanze na nyuzi zinazopanda: E ya chini, A, na ya kwanza. Zinazoshuka, D na B, zivushwe chini ya noti kidogo kisha zipandishwe, la sivyo uzi unakwama kwenye nati (kile kipande cha juu ya shingo chenye mifereji ya nyuzi) na kuteleza baadaye. Risasi ya penseli kwenye mifereji ya nati inasaidia kuliko mafuta. Nyuzi zifungwe siku mbili kabla, zivutwe kwa mkono, zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi.

Ngoma_Dunda

Kwa mpiga dramu: "Maps" inataka tomu (dramu za mlio mzito zisizo na waya chini), na nyinyi hamna. Legeza waya wa chini wa sneya, inageuka tomu ya muda. Gitaa lake ni noti zinazochapwa haraka mfululizo. Kwa mapigo 120, noti nne kila pigo, ni michapo 8 kwa sekunde. Mkono ukitumia kiwiko unakaza kabla ya nusu ya wimbo. Kifundo tu, na pleki itoke kidogo sana kwenye vidole. Nao hawakuwa na mpiga besi, kwa hiyo ndugu Besi usijaze. Shika noti za msingi.

"I Bet You Look Good on the Dancefloor" ya Arctic Monkeys ukiisikia unadhani ni 140. Ni 103, dramu ndiyo imejaa. Mkiianza kwa 115 mpiga haihati hamalizi.

"Such Great Heights" ya The Postal Service msiuguse kwa toleo la asili, ni mashine tupu. Wale wawili walikuwa miji tofauti wakitumiana kazi kwa posta, jina la bendi likatoka hapo. Pigeni kwa mtindo wa Iron & Wine, gitaa na sauti ya chini. Hapo dramu ipumzike.

Besi_ya_Kaole

Safi. Na ilimba? Tumejaribu na gitaa inatoa ukakasi, na kila kimoja peke yake kiko sawa.

Mwenye_Lebo

Viko sawa vyote, ila havikubaliani. Sauti za ilimba ya Kigogo zinafuata mfuatano wa asili wa sauti, ule unaousikia ukigusa uzi wa zeze bila kuukandamiza. Gitaa limegawanywa nusutoni 12 zilizolingana, kila moja senti 100. Ukichukua C kuwa msingi, E ya ilimba iko chini ya E ya gitaa kwa senti 14, na B ya kushuka (B flati) iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusutoni. G inapishana kwa senti 2 tu, sikio halioni. Ukakasi wenu unatoka kwenye hizo mbili za kwanza.

Tiba: msiiguse ilimba. Kusogeza ulimi wa chuma mmoja ni kazi ya nyumbani, si ya jukwaani. Mtyuni gitaa kwa ilimba, kisha gitaa lipige msingi na ya tano peke yake. Ya tatu na ya saba, yaani hizo E na B ya kushuka, muachieni mwenye ilimba. Besi nayo vivyo hivyo.

Tena ile tyuni ya C G E G C C inafaa hapa kuliko mnavyodhani: ina E moja tu. Ishusheni senti 14 kwa tyuna ya simu na kodi ya wazi italala juu ya ilimba bila kelele, mradi msingi wa ilimba uwe C au mpandishe kwa kapo (kibanio cha shingo ya gitaa). Kwa hiyo wimbo wa ilimba ukae wa kwanza kabisa, kabla ya "Skinny Love", gitaa likiwa kwenye tyuni hiyo tayari. Akimaliza, E inapandishwa hizo senti 14 huku watu wanapiga makofi.

Dada_Mixa

Maiki ya ilimba iwe sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwenye sanduku, ielekezwe kwenye ndimi. Ukiiweka mbele ya tundu lenye utando wa buibui utapata mvumo peke yake. Mpigaji akae pembeni mwa spika, sanduku linadaka sauti ya besi.

Dakika: ilimba 6, "Skinny Love" 4, "Seven Nation Army" 5 kwa ule urefusho, "Last Nite" 3, "Such Great Heights" 4, "Maps" 4, "Young Folks" 5, Arctic Monkeys 3. Jumla 34, sita za kuongea na kunywa maji. Muanze baada ya sala ya isha, na amplifaya ya gitaa isiwe kwenye ekstensheni moja na friji ya vinywaji. Kila friji ikiwaka mtasikia spika inagonga.

Besi_ya_Kaole

Friji ipo, tena ukuta uleule. Naenda kutafuta waya mrefu.