Wauza matangi ya samaki Dodoma: nimeosha filta kama mlivyonielekeza, samaki 7 wamekufa

Wakuu, salamu baadaye, leo nimeamka vibaya.

Mwezi wa tatu nilimnunulia binti yangu tangi la samaki hapa hapa mjini. Duka silitaji, maana mods watafuta uzi kabla sijamaliza kutema nyongo. Tangi la kioo, urefu sentimita 100, upana 30, kimo 40, yaani lita 120 ukilijaza mpaka juu. Filta ya kuzamisha, pampu ya hewa ile wanayoiita mashine ya oksijeni, changarawe za rangi na samaki wa dhahabu 8. Jumla laki nne na ushee. Fundi wao akaja mpaka Ilazo, akafunga kila kitu kwa dakika 20, akajaza maji ya bomba, akamimina samaki saa ile ile. Bosi, hela ya soda?

Nikampa. Nikamuuliza, sasa usafi wa hii filta ukoje? Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Kila Jumapili unatoa sponji, unaiosha bombani mpaka itoe maji meupe. Basi."

Mimi nikielekezwa nafuata. Jumapili nikachuchumaa pale kwenye bomba la nje, nikaikamua ile sponji, inatoa maji ya kahawia kama chai ya rangi, nakamua tena, na tena, mpaka ikarudi kuwa bluu kama ilivyotoka dukani. Mama watoto alitaka kuniletea na sabuni, nashukuru niliikataa. Nikairudisha nikiwa najiona mtaalamu. Jumanne asubuhi binti ananiita, "Baba, samaki wanapiga miayo." Naenda kuangalia, wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema kama wametoka kukimbizwa. Jioni tukazika wa kwanza chini ya mwembe.

Nikarudi dukani. Unajua nilijibiwa nini? "Mzee, samaki wa urembo roho zao ndogo, chukua wengine, nakupunguzia." Na nikashauriwa niongeze bidii ya kuosha! Nikaongeza. Wakaondoka sita zaidi.

Aliyenifumbua macho ni jamaa wa ofisini, mtu wa Kigoma, amekulia na samaki wa Ziwa Tanganyika. Kacheka kwanza, halafu akanieleza. Kumbe ule uchafu wa kahawia niliokuwa naukamua kwa furaha ndimo wanamoishi bakteria wanaofanya kazi yenyewe. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia inawaunguza matamvua. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine linaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao kujijenga kwenye filta mpya wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6. Sasa mimi nimewekewa samaki 8 siku ya kwanza, tena wa dhahabu ambao kwa kunya hawana mpinzani, halafu kila Jumapili nawaosha bakteria wangu kwa maji ya bomba yenye klorini. Klorini inawekwa kuua vijidudu, jamani! Sponji unaisuuza kidogo tu kwenye ndoo ya maji uliyoyachota humo humo ndani ya tangi, pale unapoona mtiririko umepungua. Maji mapya unayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima au unayatia dawa ya kuondoa klorini. Maelezo ya dakika moja. Dakika moja tu, mwenye duka!

Sijamaliza. Boksi la filta limeandikwa lita 500 kwa saa, na kwa tangi langu unataka angalau mara 4 ya ujazo, yaani 480, kwa hiyo kwenye karatasi tuko sawa. Nikachomeka mpira kwenye mdomo wake, nikakinga ndoo ya lita 10, simu mkononi. Dakika 3 kamili. Piga hesabu, hiyo ni lita 200 kwa saa. Kuifungua, kale kapangaboi kenye sumaku kameganda utando mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika ukichemshia maji yetu haya ya visima vya Mzakwe. Nimekaloweka kwenye siki usiku kucha, nikakasuuza, angalau zile kelele za bajaji mbovu zimeisha. Hili nalo mtu anayeuza filta Dodoma hakulijua?

Na mashine ya oksijeni: fundi aliiweka kwenye rafu ya chini, chini ya usawa wa maji, bila ile valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ulipokatika usiku, maji yakarudi kwa kijimpira mpaka ndani ya mashine, yakamwagika kwenye ekstensheni. Waya wa filta nao ameunyoosha moja kwa moja kutoka tangini mpaka kwenye soketi. Waya unatakiwa ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likitembea lidondoke sakafuni. Binti yangu ana miaka 6, ndiye anayewasha taa ya tangi kila jioni. Samaki nitasamehe, hili hapana.

Najua kuna watakaosema kosa langu, ningegoogle. Sawa. Lakini nimelipa hela ya ufundi, nina risiti, na duka lina bango limeandikwa wataalamu.

Amebaki samaki mmoja, mkia umechakaa, binti amempa jina Komando. Jumamosi saa 4 naenda dukani na filta yao, mpira na ndoo ya lita 10. Atapima mbele ya wateja wake. Mrejesho nitaleta hapa hapa.