Naomba ushauri: kijana wangu anataka jezi ya BFC Dynamo

Habari zenu wakuu. Kijana wangu wa miaka 14 ameniomba jezi ya BFC Dynamo ya Berlin, na nimekwama.

Timu hii ya soka ilitwaa ubingwa wa Ujerumani Mashariki mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988. Lakini mlezi wake alikuwa Erich Mielke, mkuu wa Stasi, polisi wa siri waliopeleleza raia hadi majumbani mwao. Wengi waliamini marefa wanaibeba. Mwaka 1986 ilipewa penalti dakika za majeruhi dhidi ya Lokomotive Leipzig, hasira zikapanda, refa akafungiwa. Linaloniumiza zaidi ni habari ya Lutz Eigendorf, mchezaji wa timu hiyo: alitorokea Ujerumani Magharibi 1979, akafa kwa ajali ya gari 1983, na hadi leo wapo wanaoishuku Stasi.

Ila wachezaji wenyewe walikuwa na vipaji kweli. Andreas Thom alikuja kuichezea hata Ujerumani iliyoungana.

Je, nimnunulie huku nikimsimulia yote haya, au nimkatalie hadi akue? Wazazi wenzangu mliokutana na jambo kama hili, mlizungumzaje na watoto?