Tupeane uzoefu: uliyetoa hadidiski ya laptopu ya zamani ukaweka SSD, ilikuwaje?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Laptopu yangu ni ThinkPad T430, toleo la 2012, niliinunua mtumba nilipoanza kazi ya ualimu. Mwaka jana ilifika mahali nikiiwasha asubuhi naenda kuoga, nikirudi bado inazungusha vile vidoti. Nikifungua faili la alama za wanafunzi, taa ya diski inawaka mfululizo na kila kitu kinaganda. Kila niliyemuuliza alisema tafuta nyingine, hiyo imechoka. Hela ya nyingine sikuwa nayo.

Siku moja nikafungua Task Manager, ile sehemu ya Windows inayoonyesha nini kinaelemewa. Prosesa asilimia 9, RAM (kumbukumbu ya muda) nusu haijaguswa, diski asilimia 100. Nikajua anayeumwa ni diski, si mashine nzima. Hadidiski ile ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachokimbia huku na huku kutafuta data. SSD ni diski ya chipu, haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana inajibu papo hapo.

Nikanunua ya GB 240, inchi 2.5, unene milimita 7. Kwenye unene muwe makini, uendane na nafasi ya mashine yako. Nikatoa betri, nikafungua skrubu moja ya kifuniko cha pembeni, nikavuta kile kilimi cha plastiki, diski ikateleza nje na raba zake mbili ubavuni. Raba nikazihamishia kwenye SSD, nikaisukuma taratibu mpaka ikakaa kwenye pini. Windows nikaiweka upya kwa flashi. Sasa inawaka kwa sekunde ishirini hivi, na jana nimeingiza alama za kidato cha pili zote bila kuganda hata mara moja.

Wewe yako ilikuwaje? Elezeni na yaliyoharibika, maana hayo ndiyo yanatusaidia zaidi.

Mchangiaji, Mwanza

Mwalimu hongera. Mimi nina stationery, na naandika haya ili yasimkute mwingine. Hadidiski yangu ilianza kutoa mlio, tk, tk, tk, kama mtu anagonga meza kwa kucha. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikaonyesha njano, "Caution", yaani tahadhari. Badala ya kuokoa faili za muhimu kwanza, nikaiwekea programu ya kunakili diski nzima kwenda SSD, nikalala. Diski inayokufa ukiisomesha mfululizo usiku kucha ndiyo unaimaliza. Asubuhi ilikuwa imesimama asilimia 31 na haikusomeka tena. Hesabu za miaka mitatu na madeni ya wateja vikaenda nayo.

Ukisikia mlio huo, usinakili chochote kikubwa. Chomeka flashi, hamisha nyaraka na picha, hizo tu. Windows utaipata popote.

Mchangiaji, Unguja

Asalaam aleikum. Yangu haikuwa ya inchi 2.5, ilikuwa na nafasi ya M.2, kile kijiti chembamba kama ubani wa kutafuna. Nikanunua SSD ya aina ya NVMe kwa sababu niliambiwa ndiyo ya kasi. Ikaingia vizuri, skrubu ikafunga, lakini BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, haikuiona kabisa. Kumbe nafasi ile inakubali M.2 ya SATA tu, ile njia ya zamani ya kuwasiliana na diski. Umbo ni moja, lugha ni mbili. Muuzaji alikubali kunibadilishia, Mungu ambariki. Tafuteni kitabu cha mashine yenu kwenye mtandao kabla ya kutoa pesa.

Mchangiaji, Eldoret

Mimi nilinunua barabarani SSD ya nje, imeandikwa TB 2, bei ya chini mno, nihamishie faili zangu za chuo kabla ya kubadilisha diski. Zilinakiliwa vizuri, majina yote yalionekana. Nilipofungua video za mwisho hazikucheza hata moja. Nikaipima kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, ikapatikana GB 30 na ushei za kweli, zilizobaki ni uongo. Nikapasua kasha: ndani kuna kadi ndogo kama ya simu, imebandikwa kwa gundi. Bahati yangu hadidiski ya zamani sikuwa nimeifuta. Pimeni kwanza, ndipo mfute.

Mchangiaji, Morogoro

Yangu ni ya prosesa ya zamani, Core 2 Duo, RAM GB 2. SSD imesaidia kuwaka, lakini nikifungua tabo nne za kivinjari inakwama palepale. Kwa mashine ya namna hii anzeni na RAM.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu mwanzisha mada, nikiweka Windows upya si nitahitaji kununua leseni? Na nikiweka SSD, Windows 11 itakubali?

Mwanzisha mada

Dada, kama Windows 10 yako ilikuwa halali, leseni ya kidijitali imefungamana na ubao mama, si diski. Wakati wa kuweka chagua kwamba huna namba ya leseni, ukiunganisha intaneti itajithibitisha yenyewe. Ila Windows 11 ni suala jingine: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya karibuni, SSD haibadilishi hilo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, kwa hiyo mimi najifunza Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, taratibu. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hifadhi ufunguo wake kabla hujagusa bisibisi.

Mchangiaji, Arusha

Ahsante mwalimu. Nimeifungua sasa hivi mezani. Skrubu tisa zimetoka, ya kumi imelika kichwa, bisibisi inazunguka bure. Nifanyeje?

Mchangiaji, Mwanza

Usiilazimishe dada. Chukua rababendi pana, ilaze juu ya skrubu, bonyeza bisibisi juu yake kwa nguvu, halafu zungusha polepole sana. Raba inajaza pale palipolika.

Mchangiaji, Arusha

Imetoka! Diski naiona. Naendelea.