Tanuru la kuni, joto la ziada na barua ya bima

Baba Neema (Sudbury, Kanada, kwa sasa Dodoma)
Mbukwenyi ndugu zangu. Niko Kisasa kwa mama hadi mwisho wa mwezi, mke na watoto wako Sudbury. Jana kanipigia: bima wanataka ripoti ya WETT (ukaguzi wa vifaa vya kuni) ya lile tanuru la kuni la kupasha nyumba joto tulilounganisha na la gesi, ndani ya siku 30, la sivyo wanafuta. Mkaguzi kaja, kakataa kusaini. Anasema umeme ukikatika feni inasimama, joto linakosa pa kwenda, na bomba la hewa ya moto limepita karibu mno na mbao za dari. Hata umeme ukiwapo besimenti haikaliki kwa joto. Neema analala dirisha wazi na nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Swali langu: hizo siku 30 zinasimama tukisubiri fundi, au zinaendelea kuhesabika?

Mama Tatu (Winnipeg)
Pole kaka. Sisi walitusumbua hivyo hivyo mwaka tuliohamia, tukaambiwa tutoe tanuru zima. Mwambie wifi aache kulijaza usiku. Kuni kavu, chache, moto uwake vizuri. Na asibane hewa hadi moto ufukute: kriosoti, ile lami ya moshi, inaganda kwenye dohani, siku ikishika moto ni zimamoto.

Mzee wa Mpwapwa (Duluth)
Weka mzunguko wa dharura. Kuna valvu inayofunguka yenyewe umeme ukikatika, maji ya moto yanapanda kwenye redieta za juu bila pampu. Mimi ninao, sina wasiwasi.

Mama Tatu
Shikamoo mzee, lakini soma alichoandika. La kwako ni la maji. Lake ni la hewa, hana redieta hata moja.

Fundi wa Bahi (Thunder Bay)
Mama Tatu yuko sahihi. Baba Neema, mkaguzi anafuata B365, kanuni ya Kanada ya kufunga vifaa vya kuni, hakuonei. Umbali wa bomba na mbao umeandikwa kwenye kibao cha tanuru. Upimwe hapo, msikisie. Feni iwashwe na swichi ya joto ya tanuru la kuni lenyewe, isingoje termostati ya sebuleni. Kati ya matanuru mawili pawe na kilango kinachozuia hewa kurudi nyuma. Kuni na gesi kila moja na dohani yake.
Umeme ukikatika: afunge hewa inayoingia motoni, asiongeze kuni, afungue matundu ya vyumba vyote na kuchomoa chujio la hewa ili hewa ya moto ipande yenyewe. Maji asimwage kamwe, chuma kitapasuka na mvuke utamuunguza. Mwaka 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo mashariki mwa Ontario, watu walikaa wiki kadhaa bila umeme. Tafuta inveta na betri za kuendesha feni.

Binti Kondoa (nimerudi, niko Area C)
Nasoma hapa naumia. Mnatafuta pa kutupa joto la kuni, na huku Tanzania tangu Januari 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa. Shuleni kwa dada yangu jiko la gesi lipo, mtungi ukiisha wanahangaika. Naunga mkono katazo, Kondoa tumeona makorongo. Bibi yangu alihamishiwa ng'ombe HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilipoanza.

Mzee wa Mpwapwa
HADO ilianza 1973. Mifugo ilitolewa 1979. Tusichanganye mambo, vijana wanasoma hapa.

Mama Tatu
Mlenda umeshatoka huko? Januari hii natamani ugali wa uwele hadi nalia. Na hiyo pasi ya Tanzania niliyoirudisha, uraia pacha wakikubali kesho nitapanga foleni usiku.

Baba Neema
Asanteni. Fundi anakwenda Alhamisi. Bima sijapata jibu, simu inapokelewa na mashine. Fundi wa Bahi, hiyo inveta iwe ya wati ngapi?

Fundi wa Bahi
Wifi asome kibandiko cha mota ya feni, anitumie picha. Usinunue kwa namba hiyo tu, mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa zaidi.