C mbili kwenye DNP Marekani: kudisko, rufaa na kurudishwa chuoni

Sista_wa_Zamu
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Naomba ufafanuzi kuhusu DNP ya Marekani (shahada ya udaktari wa uuguzi kwa vitendo), ile njia ya kutoka BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi) hadi FNP (muuguzi mbobezi wa familia). Mwanafunzi ana krediti 12 za mwanzo kwa GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) ya 3.5. Baadaye akapata C kwenye patofiziolojia ya juu, kisha C nyingine kwenye famakolojia ya juu, kila somo krediti 3. Barua imekuja kwamba ameondolewa kwenye programu, ilhali GPA yake ni 3.0 kamili na kitabu cha mwongozo kinataka 3.0. Inakuwaje mtu adisko na GPA inatosha? Hakuna sapu (mtihani wa marudio)? Na akiomba kurudishwa, aandike nini?

Bi_Mwongozo
Marahaba. Hapo kuna kanuni mbili, na kila moja inasimama peke yake. Ya kwanza ni GPA ya jumla. Ya pili ni alama ya chini ya kila somo, ambayo kwenye shule nyingi za uuguzi ngazi hii ni B. Chukua hesabu yako mwenyewe: krediti 12 kwa 3.5 ni pointi 42. C ya kwanza, pointi 2 kwa kila krediti, inaongeza pointi 6, zinakuwa 48 kwa 15, yaani 3.2. C ya pili, 54 kwa 18, ndiyo hiyo 3.0. GPA haijavunjwa hata mara moja, lakini masomo mawili yamefeli. Kanuni ya kawaida ni kwamba somo moja lililofeli unalirudia mara moja tu, na kufeli mara ya pili, liwe lile lile au jingine, ndiko kudisko. Baadhi ya shule zinahesabu hata B- kuwa kufeli, kwa hiyo asome jedwali la alama kwenye silabasi ya kila somo.

Sapu ya nyumbani haipo huku. Unarudia somo zima, unalipa ada upya, na mara nyingi somo hufundishwa mara moja kwa mwaka. Anayefeli patofiziolojia hawezi kuingia kliniki (mafunzo kwa vitendo), maana patofiziolojia, famakolojia na uchunguzi wa mgonjwa ndiyo masomo yanayofungua mlango wa kliniki.

Kwa wengine wanaosoma hapa: njia salama iko kabla ya barua. Kalenda ya chuo ina siku ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo kwa W (alama ya kuonyesha umejiondoa). Ukiona katikati ya muhula kwamba hesabu haifiki B hata ukipata mtihani wa mwisho wote, nenda kwa mshauri wako wa masomo wiki hiyo hiyo. W haiingii kwenye GPA, ingawa kuna shule zinazoweka kikomo cha W, na hilo nalo uliulize.

Halafu atenganishe rufaa na ombi la kurudishwa. Rufaa ya alama inasikilizwa kama hesabu ilikosewa, silabasi haikufuatwa au kulikuwa na ubaguzi. "Nilijitahidi sana" si hoja ya rufaa. Muda wake ni siku chache za kazi tangu alama itoke, na ukipita umepita.

Kalamu_na_Sindano
Naongezea kuhusu barua ya kuomba kurudishwa, maana wengi wanaiandika kama barua ya kuomba msamaha. Kamati inataka kujua kwa nini ilitokea, nini kimebadilika na ushahidi uko wapi. Kurasa 1 hadi 2 zinatosha.

Sababu iwe na tarehe na karatasi: cheti cha daktari, ratiba ya zamu, cheti cha kifo kama kulikuwa na msiba. Kisha mpango wa wiki kwa saa. Mfano: kliniki ya saa 240 katika muhula wa wiki 15 ni saa 16 kwa wiki. Ongeza somo moja la krediti 3, saa 3 za darasa na kama 9 za kujisomea. Hizo ni 28. Ukiweka zamu tatu za saa 12 unafika 64, kabla ya usingizi na watoto. Kamati nayo inajua kupiga hesabu hiyo. Ukiandika kwamba utashuka hadi zamu mbili, ambatisha barua ya meneja wa wodi inayothibitisha.

Kama aliondolewa kwa kuhatarisha mgonjwa au kughushi saa za kliniki, ajue shule nyingi hazirudishi kabisa.

Na asijaribu kuhamia chuo kingine akificha transkripti. Shule za uuguzi huomba barua ya mkuu wa shule ya awali kuthibitisha kwamba uliondoka ukiwa na hadhi nzuri, na kuficha kunaweza kumfukuzisha hata baada ya kudahiliwa.

Mzee_wa_I20
Kama yuko kwenye F-1 (viza ya mwanafunzi), aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kugusa somo lolote. Akiondoka masomoni kwa idhini yao ana siku 15 za kutoka nchini. Rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ikifungwa bila idhini, hana hata siku moja. Akikaa nje zaidi ya miezi 5, kwa kawaida anahitaji I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza) mpya na ada ya SEVIS ya dola 350 tena. DNP nyingi ni za mtandaoni, na hizo hazitoi I-20.

Mwenye mkopo wa serikali naye aangalie: kujiondoa muhula mzima kabla ya asilimia 60 kupita, yaani kabla ya wiki ya 9 katika 15, kunalazimisha sehemu ya fedha irudishwe. Kurudishwa na kamati ya uuguzi hakurudishi mkopo. Ofisi ya fedha ina rufaa yake, na W zinahesabiwa kama krediti ulizojaribu bila kumaliza.

Sista_wa_Zamu
Asanteni sana. Na akirudi baada ya miaka miwili?

Bi_Mwongozo
Atarudi kwenye mtaala wa wakati huo, si wa zamani. Viwango vya kitaifa vya 2022 vimeweka saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja kwa programu za NP (wauguzi wabobezi), kutoka 500 za awali, kwa hiyo anaweza kukuta saa zimeongezeka. Muda wa kumaliza shahada nao mara nyingi hausimami, na famakolojia ya zamani huenda ikatakiwa upya. Leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), cheti cha BLS (huduma ya msingi ya kuokoa maisha), kipimo cha TB na uchunguzi wa rekodi ya jinai lazima viwe hai kabla ya kukanyaga kliniki. Akihama jimbo aulize kwanza kama chuo kinaruhusiwa kuweka wanafunzi kule. Na atafute prisepta (msimamizi wake wa mafunzo kliniki) mapema, maana mkataba kati ya chuo na kliniki unaweza kula miezi.